Kupima au kutopima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya kuthibitisha hali ya mtoto aliye tumboni

Ukurasa huu ni wa mama mjamzito wa Mombasa na viunga vyake, na wa bwana yake, ambao wameambiwa kliniki kwamba kuna jambo la kufuatilia kwa mtoto, au wanajiuliza wenyewe kama wapime. Hautakuamulia. Unataka uingie kwa daktari ukijua la kuuliza, na uingie mapema, kwa sababu katika jambo hili wiki zikishapita hazirudi.

Kuna vipimo vingi. Kipi hukisia na kipi huthibitisha?

Kipimo cha kukisia hukuambia uwezekano ni mkubwa au mdogo. Cha kuthibitisha hukuambia ndiyo au la.

Vya kukisia havigusi chupa ya uzazi, yaani mfuko wa maji alimo mtoto. Kuna skani ya wiki 11 hadi 14, ambayo hupima unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na kwa kawaida huunganishwa na damu ya mama. Kuna kipimo cha damu cha wiki 15 hadi 20 kwa aliyechelewa skani hiyo. Na kuna kipimo cha DNA katika damu ya mama, kuanzia wiki ya 10.

Vya kuthibitisha vinavyofanywa sana ni viwili, na vyote vinatumia sindano. Cha kwanza ni kuchukua kijinyama cha kondo la nyuma, ambacho madaktari hukiandika CVS. Cha pili ni kuchota maji ya chupa, yaani amniosentesisi. Chembe zinazopatikana humo hupelekwa maabara kuhesabiwa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, au kusomwa DNA.

Skani ya wiki 18 hadi 22, inayomkagua mtoto kiungo kwa kiungo, imesimama katikati. Mgongo wazi, fuvu lisilofunga au ukuta wa tumbo uliopasuka huonekana kwa macho na mara nyingi havihitaji sindano ili kuthibitishwa. Kromosomu ndizo zisizoonekana kwa skani.

Nimeambiwa hatari yangu ni 1 kwa 150. Ndiyo kusema mtoto ana tatizo?

La. Maana yake ni kwamba tukiwakusanya wanawake 150 wenye majibu kama yako, mmoja ana mtoto mwenye hali hiyo na 149 hawana. Neno "hatari kubwa" kwenye karatasi huwatia watu kiwewe kuliko hesabu yenyewe. Kila maabara ina mstari wake, wengine 1 kwa 150, wengine 1 kwa 250 au 300, na aliyevuka mstari huo huandikiwa hatari kubwa. Basi usiishie kwenye neno. Uliza namba yako ni ngapi, na uliza ni ya hali gani.

Kipimo cha DNA cha damu kimesema hatari kubwa, na tuliambiwa ni sahihi kwa asilimia 99. Mbona bado nichomwe sindano?

Swali hili linastahili hesabu ndefu kidogo, kwa maana hapa ndipo watu hufanya maamuzi makubwa kwa kutegemea karatasi ambayo haikukusudiwa kubeba uzito huo.

Chukua wanawake 100,000 ambao kwa umri wao uwezekano wa mtoto mwenye sindromu ya Down, yaani hali ya kromosomu ya 21 kuzidi, ni 1 kwa 1,000. Watoto wenye hali hiyo ni 100. Kipimo kitawanasa 99, na hiyo ndiyo asilimia 99 mliyoambiwa. Lakini kipimo hichohicho hukosea kidogo kwa wasio na tatizo, kama mmoja katika kila 1,000. Waliobaki ni 99,900, kwa hiyo karibu wanawake 100 wataambiwa "hatari kubwa" ilhali watoto wao ni wazima. Weka makundi mawili pamoja: karibu karatasi 200 zenye jibu baya, na nusu yake si kweli.

Sasa chukua wanawake 100,000 wa miaka 40, ambapo uwezekano ni karibu 1 kwa 100. Wenye hali ni 1,000, watakaonaswa ni 990, na watakaosingiziwa ni 99. Hapa karatasi mbaya ni ya kweli mara tisa kati ya kumi. Kipimo ni kilekile, ila uzito wa jibu hubadilika kwa kufuata mama ni nani.

Tena DNA hiyo inatoka kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe, na mara chache kondo huwa na hitilafu ambayo mtoto hana. Mapacha ambao mmoja alifia mapema tumboni nao huweza kulichafua jibu. Kwa mama mwenye uzito mkubwa, DNA ya mimba katika damu yake huwa chache, na maabara huenda ikarudisha karatasi isiyo na jibu lolote.

Kwa hiyo msimamo wetu hapa hauna kigugumizi: asiamue mtu jambo lisilorudi nyuma kwa kipimo cha kukisia peke yake.

Umri wangu ni miaka 37. Ni lazima nipime?

Hakuna lazima. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni karibu 1 kwa 1,500 ukiwa na miaka 20, 1 kwa 900 kwenye 30, 1 kwa 350 kwenye 35, 1 kwa 100 kwenye 40, na 1 kwa 30 kwenye 45. Umri ni sababu ya kuzungumza na daktari. Wengi wa umri wako huanza na kipimo cha kukisia, kisha huamua kuhusu sindano kwa kutazama jibu. Na mama wa miaka 24 asidhani halimhusu: watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi.

Mimba yangu ni ya miezi minne. Nimechelewa?

Hatuwezi kujibu mpaka tujue wiki. "Miezi minne" yaweza kuwa wiki 14 au 18, na tofauti hiyo hubadilisha ni kipimo kipi kinafaa. Wengi hapa Pwani huhesabu kwa miezi ya Kiislamu, yenye siku 29 au 30, wengine kwa miezi ya kawaida, na kliniki huhesabu wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki mbili kabla mimba haijashika. Ndiyo maana hesabu ya nyumbani na ya sista huachana.

Dawa yake ni skani ya mapema. Kati ya wiki 8 na 13 mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, na tarehe inayopatikana hukosea kwa siku chache tu. Ukienda mara ya kwanza wiki ya 24, skani inaweza kukosea kwa wiki moja na nusu au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio ya kwanza yawe kabla ya wiki 12 kwisha, na kwa anayefikiria vipimo hivi tunasema afadhali wiki ya 8. Mwambie sista aandike tarehe ya skani hiyo kwenye kitabu cha mama na mtoto, na usiikubali ibadilishwe na skani za baadaye bila sababu.

CVS na maji ya chupa, nichague kipi?

Mara nyingi wiki ndizo zinazochagua.

CVS hufanywa kati ya wiki 11 na 14. Haifanywi kabla ya wiki 10, kwa sababu imehusishwa na watoto kuzaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Faida yake ni kupata jibu mapema, wakati ambapo hata majirani hawajajua una mimba. Hasara yake ni kwamba kinachopimwa ni kondo: katika kila sampuli 100, moja au mbili huonyesha mchanganyiko wa chembe nzima na zenye hitilafu, na hapo hulazimu kusubiri maji ya chupa ili kujua kama mtoto naye anao.

Amniosentesisi hufanywa kuanzia wiki 15 kamili. Ikifanywa mapema zaidi, maji huvuja kwa urahisi na watoto wengi zaidi huzaliwa na nyayo zilizopinda. Mtu akikuambia atakuchota maji wiki ya 13, muulize kwa nini, na jibu lisipokuridhisha, ondoka.

Ustadi wa mikono una maana kubwa, hasa kwa CVS. Muulize daktari: unafanya ngapi kwa mwaka? Daktari anayefanya kazi hii mara kwa mara halichukii swali hilo.

Siku yenyewe inakwendaje?

Kula na kunywa kama kawaida, hakuna kufunga. Ikiangukia Ramadhani, mjamzito ana ruhusa ya kufungua, na siku hiyo itumie. Vaa nguo inayopandishwa kirahisi, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Kwanza ni skani: moyo wa mtoto unapiga, wiki ni ngapi, kondo limekaa upande gani, mfuko mkubwa wa maji uko wapi. Tumbo hupanguswa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kwa maji ya chupa mara nyingi ganzi haitumiki, kwa kuwa ganzi nayo ni sindano. Kwa CVS hutumika kwa sababu sindano yake ni nene kidogo. Daktari huishika skani muda wote ili aione ncha ya sindano inapita wapi, mbali na mtoto. Mililita moja au mbili za kwanza huwekwa kando, maana huenda zina chembe zako wewe. Kisha huvutwa mililita 15 hadi 20, kama vijiko vitatu au vinne vya chai, maji ya rangi ya manjano mepesi. Sindano hukaa ndani dakika chache tu. Mwisho unaonyeshwa moyo wa mtoto ukipiga. Maji yaliyotoka hujazwa upya na mwili wenyewe.

CVS hupitia tumboni au kwenye mlango wa uzazi, kutegemea kondo lilipo. Kinachochukuliwa hakizidi uzito wa punje moja au mbili za mchele.

Sindano ikikosa mara ya kwanza, hurudiwa mara moja tu. Ikikosa tena, daktari mwangalifu husimama na kukupa siku nyingine. Na sampuli yenye damu nyingi au maji ya kahawia huandikwa kwenye fomu, kwa maana huathiri maabara.

Inauma?

Wengi huieleza kama kuchomwa mkononi, ikifuatiwa na mkazo wa tumbo kama wa hedhi.

Mimba inaweza kutoka kwa sababu ya kipimo?

Inaweza, ingawa mara chache. Kwa mikono yenye uzoefu, nyongeza ya hatari ni chini ya 1 kwa 200 kwa CVS na kwa maji ya chupa, kwa mimba ya mtoto mmoja. Utasikia pia "1 kwa 100": hiyo ni hesabu ya zamani, kabla skani hazijawa nzuri kama leo. Kwa mapacha hatari ni kubwa zaidi, na kila mmoja mwenye chupa yake huenda akahitaji kuchotwa peke yake.

Kumbuka hii ni nyongeza. Mimba nyingine zingetoka hata bila sindano, hasa zile zenye hitilafu ya kromosomu, na hakuna awezaye kukuambia kwa hakika ipi ilitoka kwa sababu ipi. Hili liseme na bwana yako kabla ya kipimo. Mkiliacha mpaka baada, litageuka lawama ndani ya nyumba.

Nikirudi nyumbani nijihadhari na nini?

Pumzika siku hiyo na ya pili yake: usibebe ndoo wala mtungi wa gesi, na usikutane na mumeo kwa siku mbili. Mkazo mdogo ni kawaida, meza paracetamol. Usimeze Brufen wala diklofenaki. Ukipimiwa Nairobi, lala huko usiku mmoja, urudi na treni kesho yake badala ya kukaa usiku kucha kwenye basi.

Nenda hospitali mara moja ukipata homa au baridi ya kutetemeka, damu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uchafu wenye harufu, au maji yanayotiririka. Maji huvuja kidogo kwa mwanamke mmoja au wawili katika 100, na mara nyingi tundu huziba lenyewe kwa kupumzika, lakini daktari aone. Kama unakaa Likoni au Mtongwe, panga kabla utavukaje usiku ikitokea, usitegemee tu kwamba feri haitakuwa na foleni.

Damu yangu ni O negativu. Kuna shida?

Kuna jambo la kufanya. Ukiwa na kundi la damu lenye alama ya kutoa, unahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kipimo, isipokuwa kama baba wa mtoto naye ana alama hiyohiyo. Damu kidogo ya mtoto ikiingia kwako, mwili wako huweza kutengeneza silaha zitakazomshambulia mtoto wa mimba ijayo. Hakikisha dawa ipo mkononi kabla ya siku ya kipimo. Kuitafuta katika maduka ya dawa mji mzima huku saa zinahesabika ni mateso yasiyo ya lazima.

Nina VVU, au homa ya ini aina ya B. Naruhusiwa?

Kwa VVU, kinachotazamwa ni wingi wa virusi. Ukiwa unameza ARV na virusi havionekani kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa sindano haijaonekana kuongezeka. Virusi vikiwa bado vingi, kipimo huahirishwa mpaka vishuke. Kwa homa ya ini aina ya B ni vivyo hivyo: pima wingi wa virusi kwanza, maana hatari hupanda pamoja navyo. Usiwafiche wanaokuchoma.

Kuna selimundu katika ukoo wetu. Kipimo hiki kinaihusu?

Kinaihusu sana, na kwa Pwani hili pengine ndilo swali kubwa kuliko sindromu ya Down. Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema, imekita mizizi pande zilizokuwa na malaria nyingi, Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu mwenye nusu ya vinasaba vyake, yaani AS, ana kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Lakini usianze na sindano ya tumbo. Anza na mkono wa baba. Mama akiwa AS na baba akiwa AA, yaani asiyebeba selimundu kabisa, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Habari imekwisha, na sindano ya tumbo haina kazi. Wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS. Kila mimba, tangu mwanzo: mtoto wa kwanza kuugua hakuwalindi watatu wafuatao.

Na hapa kuna kosa linalojirudia. Kile kipimo cha haraka cha kutazama kama chembe zinapinda hakitofautishi AS na SS, na hakioni aina nyingine za hemoglobini. Baba anaweza kuambiwa "huna" huku amebeba hemoglobini C au thalasemia, hitilafu nyingine za damu za kurithi, ambazo zikikutana na S ya mama huleta ugonjwa. Omba elektroforesisi ya hemoglobini, yaani kipimo kinachotenganisha aina zake, pamoja na hesabu kamili ya damu, kwa wote wawili. Kwa familia zenye asili ya Uarabuni au Bara Hindi, thalasemia itajwe waziwazi kwenye fomu.

Mkiwa wote ni wabebaji, DNA ya mtoto inaweza kusomwa kwa CVS au maji ya chupa. Njia nyingine ni kusubiri azaliwe na apimwe tone la damu ya kisigino mapema. Hiyo si njia ya wanyonge. Ugonjwa hauanzi kuonekana mpaka miezi kadhaa baadaye, na mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kila siku, kinga ya malaria na baadaye haidroksiurea, dawa ambazo zimebadilisha maisha ya watoto hawa. Wazazi wengi wakishalijua hilo huona hawana haja ya sindano, na wengine huona bado wanataka kujua. Wote wana haki.

Jambo moja la siri: kipimo cha DNA kinaweza kufichua kwamba baba anayepimwa siye. Kama kuna uwezekano huo, omba kuonana na daktari peke yako kabla ya kupimwa.

Tumeoana mtu na binamu yake. Tupime?

Kwa wazazi wowote, watoto wawili au watatu katika 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinamu wa kwanza idadi hiyo hukaribia kuwa maradufu. Maana yake zaidi ya 90 kati ya 100 huzaliwa salama. Tatizo ni kwamba maradhi yanayoongezeka ni ya vinasaba vya kufichika, na kuhesabu kromosomu hakuyaoni kabisa. Amniosentesisi ya kawaida inaweza kutoka safi na isiwe imejibu swali lenu. Inafaa tu pale ugonjwa wa ukoo unapojulikana kwa jina na badiliko la kinasaba limepatikana, mara nyingi kwa kumpima kwanza mtoto aliyekwisha ugua.

Nini kingine kipimo hiki hakionyeshi?

Usonji. Kasoro nyingi za moyo, zinazotafutwa kwa skani. Wala hakisemi mtoto ataathirika kiasi gani: kromosomu ya 21 iliyozidi huthibitishwa, lakini kama atasoma, ataongea mapema au atahitaji upasuaji, chupa ya maji haijui.

Sampuli hupelekwa wapi, na majibu huchukua siku ngapi?

Uliza kabla, kwa sababu sampuli mara nyingi husafiri nje ya Mombasa. Kipimo cha haraka cha kromosomu 13, 18 na 21 hujibiwa ndani ya siku mbili au tatu za kazi tangu maabara ipokee. Hesabu kamili ya kromosomu huchukua wiki mbili hadi tatu, kwa maana chembe lazima zioteshwe kwanza. Kipimo cha kutafuta vipande vidogo vya kromosomu vilivyopungua au kuzidi huchukua kama wiki mbili, na wakati mwingine huleta badiliko ambalo hakuna anayejua maana yake. Amueni mapema kama mnataka kuambiwa la namna hiyo.

Chembe za kuoteshwa lazima zifike hai. Zisigandishwe, wala zisiachwe kwenye gari juani hapa Mombasa mwezi wa Februari. Chukua kipimo Jumatatu au Jumanne. Sampuli ya Ijumaa alasiri huweza kulala uwanja wa ndege mpaka wiki mpya. Hakikisha jina, tarehe ya kuzaliwa na wiki za mimba zimeandikwa kwenye chupa ya sampuli mbele yako. Chembe zikikataa kuota, utaombwa kurudia, na wiki zimekwenda.

Gharama?

Omba ankara moja yenye kila kitu: skani, kazi ya daktari, kila kipimo cha maabara kwa jina lake, usafirishaji, na anti-D. Bei ya kwanza utakayotajiwa mara nyingi ni ya sindano tu. Uliza SHA au bima yako kwa maandishi, ukitaja jina la kipimo. Rufaa huanzia kliniki yako. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado huiita Makadara, ndiyo ya rufaa kwa ukanda huu.

Kama najua sitaitoa mimba, nipime ya nini?

Huenda huna haja, na hilo ni jibu kamili. Lakini kujua kuna kazi nyingine. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengine na utumbo ulioziba. Hawa wanafaa kuzaliwa penye chumba cha watoto wachanga na daktari wa upasuaji, si kwenye zahanati ya mtaani. Hali kama kromosomu ya 13 au 18 iliyozidi, ambazo watoto wengi hawapiti nazo mwaka wa kwanza, huwapa wazazi nafasi ya kuzungumza mapema kuhusu uzazi usio na upasuaji usio na faida, na kumpokea mtoto kwa utulivu.

Jiulize hivi: nikipata "ndiyo", kesho yake nitafanya nini tofauti? Na nisipopima, miezi iliyobaki nitalala? Kwa wengine shaka huumiza kuliko sindano. Kwa wengine, kumhatarisha mtoto hata kwa 1 kwa 200 hakuvumiliki.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kupima ni halali. Kuhusu kutoa mimba, Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 hukataza, isipokuwa kama kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kasoro ya mtoto haikutajwa kama sababu inayojitegemea. Kinachotazamwa ni mama. Zungumza na daktari wa hospitali, na usithubutu kwenda kwa wauzaji wa vidonge vya kichochoroni: huko wanawake hutoka damu mpaka kufa.

Na dini?

Kwa Waislamu, wanazuoni wengi hutazama siku 120 tangu mimba kushika. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliona kwamba kabla ya siku hizo, jopo la madaktari wanaoaminika likithibitisha kasoro kubwa isiyotibika, wazazi wanaweza kuomba mimba itolewe. Wapo wanazuoni wasiokubali, na fatwa haibadilishi sheria ya nchi. Lakini angalia hesabu: siku 120 ni kama wiki 19 za kliniki. Anayechotwa maji wiki ya 16 na kusubiri wiki tatu amefika mpaka. Basi nenda kwa sheikh wako kabla ya kipimo, ukiwa na tarehe kwa siku. Kanisa Katoliki nalo halipingi kipimo kinachofanywa kwa faida ya mtoto. Hupinga kikikusudiwa kuitoa mimba.

Mavyaa ameshikilia nipime, bwana hataki. Nani mwenye uamuzi?

Wewe ndiwe unayetia saini, na mwili ni wako. Mwombe daktari akuone peke yako kwanza, kisha na bwana. Mavyaa aheshimiwe na asikilizwe, ila si lazima aingie chumbani.

Niko wiki ya 26. Nimeshachelewa?

Si kwa kila kitu. Maji ya chupa yanaweza kuchotwa hata sasa kwa ajili ya kupanga uzazi. Hatari inayotazamwa ni uchungu kuanza kabla ya wakati.

Nikikataa, nitatengwa kliniki?

Haifai kutengwa. Mwombe sista aandike "ameelezwa, amekataa", ili usiulizwe upya kila mara, kisha endelea na skani na mahudhurio. Unaweza kubadili nia mradi wiki zinaruhusu.

Karatasi ya majibu inasomwaje?

Isome na daktari aliyeagiza kipimo, si na mtu wa mapokezi wala kwa simu ukiwa ndani ya matatu. 46,XX au 46,XY ni hesabu ya kawaida. 47 ikifuatiwa na +21 ni sindromu ya Down. Ukiona namba mbili zimetengwa kwa mkwaju, ni mchanganyiko wa chembe, na unahitaji maelezo marefu kabla ya kuamua lolote. Omba nakala yako. Na kama hamtaki kujua jinsia ya mtoto, mwambieni daktari kabla sampuli haijaondoka, kwa maana XX au XY huandikwa palepale kwenye mstari wa kwanza.